Jadak Kwenye Kiti cha Wazee

Maandiko: Waamuzi 11:1–11; Ruthu 2; Kumbukumbu la Torati 10:17–19
(Ibada ya pamoja ya matawi ya Migori na Homa Bay, Rongo)

Leo sitawazungusha, wapendwa. Fungueni Waamuzi sura ya 11, na ukishaipata weka kidole hapo, kwa sababu tutaenda mbali kidogo halafu turudi.

Kuna mtu anaitwa Yeftha. Biblia inatuambia ni shujaa, mtu wa nguvu. Halafu papo hapo inatuambia mama yake alikuwa nani, na hakuwa mke wa nyumbani. Baba yake alikuwa na mke mwingine, na watoto wa huyo mke walipokua wakubwa wakakaa kikao. Unajua vikao vya namna hiyo. Vinaanza na chai, vinaishia na ardhi. Wakamwambia Yeftha, wewe hapa huna urithi, mama yako si mama yetu. Akakimbia, akaenda kukaa nchi ya Tobu.

Sasa angalia. Haikuandikwa kwamba alikuwa mwizi, wala kwamba alimtukana mzee yeyote. Kosa lake lilikuwa moja tu: si wa hapa. Mwambie jirani yako, "si wa hapa". Mnaona jinsi linavyotoka mdomoni kwa urahisi? Ni neno jepesi sana kulitamka. Kulibeba ndiko kuzito.

Sisi huku tuna jina lake. Wanaosoma jarida hili wakiwa Kuria, Kisii au Kakamega nitawaeleza: kwa Wajaluo, mtu aliyehamia kwenye ardhi ya ukoo mwingine, akaonyeshwa mahali pa kujenga na kulima, anaitwa jadak. Wakiwa wengi ni jodak. Jadak anasalimiwa vizuri, anaitwa kwenye matanga, anachangia harambee. Akiugua anatembelewa. Lakini siku ya kuchagua mkubwa, watu wanakohoa. Na si yeye tu. Mjukuu wake pia ni jadak, na mjukuu wa mjukuu.

Mimi ninayewahubiria ni mjukuu wa jadak. Babu yangu mzaa baba alivuka mto Kuja na mke mmoja, ng'ombe wawili na jembe. Ukoo uliompokea ulimpokea kwa wema, na sina neno baya juu yao, hata jina lao silitaji. Aliishi pale zaidi ya miaka arobaini. Alichimba kisima ambacho mpaka leo watu wanateka maji. Siku ya kumzika, mzee mmoja alisimama mbele ya jeneza akasema kwa heshima kabisa, "Mgeni wetu ametuacha." Miaka arobaini, wapendwa! Nilikuwa kijana mdogo nimeshika kiti cha bibi yangu, na nilimwona anavyoinamisha kichwa.

Nimeletewa maneno katika miezi hii miwili, ndiyo maana nimeshika somo hili. Kuna dada katika tawi letu moja. Simtaji jina, na tafadhali msigeuze shingo kumtafuta. Mama yake alimleta huku mwezi wa pili mwaka wa 2008, akiwa na umri wa miaka minane, kutoka Naivasha. Mnaijua Naivasha ya Januari ile. Walifika na mkoba mmoja na godoro. Mtoto hakujua Dholuo, alijua Kiswahili na Kikuyu kidogo cha mtaani, na watoto wenzake shuleni wakampa jina ambalo sitalirudia mimbarini. Amekua. Anafundisha watoto wadogo wa chekechea, anaandika kumbukumbu za chama cha akina mama, na kila Januari meza ya mama yake inajaa fomu za basari za wadi nzima, kwa sababu ndiye anayejua kuzijaza zisirudishwe. Sasa amesema angetaka kuomba kura za uwakilishi wadi mwaka wa 2027.

Wakaja watu kwangu. Watu wazuri, wanaofunga na kuomba. Wakasema, "Mchungaji, huyo msichana hana shida. Lakini si wa hapa. Mwambie aende akaombe kura kwao."

Kwao ni wapi? Naivasha walimwambia aende kwao. Akaja kwao. Kwao wanamwambia aende kwao. Hebu mnisaidie, huyu mtoto aende kwa gari gani?

Nitawapa mfano wa mtoto mwingine wa miaka minane. Huyu si wa kanisa letu, na nasema mapema kabisa kwamba ni Mwislamu, ili mtu asije akanishika shati pale mlangoni. Bwana wetu alipotaka kutufundisha jirani ni nani, hakumtafuta Mlawi wala mshirika wa sinagogi, alimchukua Msamaria. Basi nami nimeruhusiwa. Wala sihubiri siasa za Marekani. Kuna mengi anayosema mama huyu ambayo baadhi yenu mnayakataa, na wengine mnayapenda, na hayo mtajadiliana kwenye matatu mkirudi. Mimi nataka njia aliyopita.

Anaitwa Ilhan Omar. Alizaliwa Mogadishu, Somalia, mtoto wa mwisho kati ya watoto saba. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo sana, akalelewa na baba yake na babu yake. Mwaka wa 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka, vita vya koo vikaingia mjini, na familia ile ikakimbia. Ikakimbilia wapi? Ikaingia nchi yetu hii. Wengi wetu tunajua kambi za Dadaab na Kakuma, lakini wakati huo palikuwa na kambi nyingine pwani, karibu na Mombasa, inaitwa Utange. Mtoto yule alikaa pale miaka minne, akiteka maji na kuokota kuni kama mtoto yeyote wa kambini. Miaka minne amekanyaga mchanga wa Kenya, na hakuna aliyejua alichobeba. Angepita hapa Rongo stendi tungemuuzia ndizi na kusahau.

Mwaka wa 1995 wakachukuliwa kwenda Marekani. Baada ya muda wakahamia mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambako Wasomali wengi walikuwa wamejikusanya. Ni mahali pa baridi kali. Ziwa linaganda mpaka watu wanaendesha gari juu yake. Fikiria Mbita ikiwa hivyo!

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu ndipo nilipokamatwa. Kule Minnesota, mwaka wa uchaguzi, kila chama huitisha mikutano midogo ya majirani. Hawakutani uwanjani na helikopta. Wanakutana kwenye ukumbi wa shule, watu wa mtaa mmoja, wanakaa kwenye viti vya wanafunzi, wanajadili na kuchagua wajumbe. Babu yake Ilhan alitaka kwenda kuona. Mzee aliyetoka kwenye nchi iliyovunjika kwa bunduki alitaka kuona watu wakigombana kwa mdomo tu halafu wakarudi nyumbani salama. Lakini hakujua Kiingereza. Basi akamchukua mjukuu wake, msichana wa miaka 14, awe mkalimani wake.

Mko pamoja nami? Mzee ameketi, mtoto amesimama kando ya sikio lake, anatafsiri. Siasa anaisikia mara mbili: mara ya kwanza inapoingia kwa Kiingereza, mara ya pili inapotoka kinywani mwake mwenyewe kwa Kisomali. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Na pale mlangoni palikuwa na mtu, sijui ni nani wala historia haikumtaja, ambaye alimwona mzee mgeni na mtoto aliyefunga kitambaa, akawaacha wapite. Angeweza kusema mkutano huu ni wa watu wa hapa. Angeweza kusema watoto wangoje nje.

Wapendwa, ukisoma Ruthu sura ya 2 utaona kitu cha namna hiyo. Boazi hakumpa Ruthu shamba siku ile. Aliwaambia wavunaji wake waachilie masuke kidogo makusudi, Ruthu ayaokote bila kukemewa. Masuke tu! Lakini ukifuata masuke yale kizazi kwa kizazi unafika kwa Daudi mfalme. Yule wa mlangoni kule Minneapolis aliachilia suke moja.

Tusiseme basi akaruka kutoka pale mpaka bungeni. Sisi tunapenda ushuhuda wa kuruka. Jana nilikuwa sina kitu, leo nina Prado. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 2000 akawa raia. Akafanya kazi ya kufundisha familia habari za lishe. Akasoma chuo kikuu cha jimbo la North Dakota akiwa tayari mama wa watoto, akamaliza mwaka wa 2011. Akasimamia kampeni za wengine: mwaka wa 2012 za seneta wa jimbo, mwaka wa 2013 za mtu aliyekuwa akitafuta kiti cha baraza la jiji la Minneapolis. Mtu huyo akashinda, naye akawa msaidizi wake wa sera, anabeba mafaili ya mwingine. Mwaka wa 2014, katika mkutano mmoja wa majirani kama ule aliokuwa akimpeleka babu yake, vurugu zikazuka na akapigwa mpaka akaumia kichwa. Hakuacha.

Mwaka wa 2016 ndipo akaomba kiti mwenyewe, kiti cha bunge la jimbo. Aliyekuwa ameketi pale alikuwa mama mmoja aliyeheshimiwa sana, Phyllis Kahn, ambaye alichaguliwa mara ya kwanza mwaka wa 1972. Hesabu mwenyewe: miaka 44. Ilhan hakuwa amezaliwa. Na kwenye mchujo alikuwepo Msomali mwingine pia, Mohamud Noor, kwa hiyo hata kura za jamii yake zilikuwa za kugawana. Akashinda mchujo wa Agosti, akashinda uchaguzi wa Novemba, na Januari 2017 akaapishwa, Msomali wa kwanza kuingia bunge la jimbo lolote Marekani. Miaka miwili baadaye akaingia Bunge la taifa kule Washington. Na kile kiti alichokiacha Minnesota, nani alikichukua? Yule yule Noor aliyeshindwa naye. Mlango ukishafunguka hauulizi tena kila anayepita.

Mwaka wa 2019, akiwa mbunge wa taifa, rais wa nchi ile akaandika hadharani kwamba wabunge wanawake wa namna yake warudi walikotoka, na siku chache baadaye umati ukaimba kwamba arudishwe. Nakumbuka watu wetu huku walivyokasirika. Mzee mmoja aliniambia Wazungu hawana haya. Mzee huyo huyo, na nampenda kama baba, ndiye wa kwanza kuja kwangu kuniambia dada yetu aende akaombe kura kwao.

Nitasema tena ama mmesikia?

Labda mtu anasema, mchungaji, hiyo ni Marekani, nchi ya wahamiaji. Sawa. Twende Australia basi, halafu nitawarudisha ziwani kwetu.

Vita vya Vietnam viliisha mwaka wa 1975, na watu wakaanza kutoroka kwa mashua. Mashua za uvuvi, si meli. Nyinyi wa Mbita, wa Sori, wa Karungu, mnajua mashua ni nini upepo ukigeuka usiku. Hawa walikuwa baharini, wiki kwa wiki. Mmoja wao alikuwa kijana anaitwa Hieu Van Le, pamoja na mkewe. Mwaka wa 1977 mashua yao ikaingia bandari ya Darwin, kaskazini mwa Australia, asubuhi. Amesimulia mara nyingi kilichotokea. Wakaona kimashua kidogo kinakuja kwao, ndani yake wanaume wawili wanaokwenda kuvua. Wale wakimbizi wakaogopa. Mmoja wa wale wavuvi akawainulia mkono akawakaribisha Australia, wakaenda zao kuvua. Mkononi alikuwa na bia, na Mungu anisamehe kuitaja mimbarini, lakini nasema ukweli jinsi ulivyo.

Basi. Hawakumpa nyumba. Hawakumpa kazi. Maneno machache ya mvuvi. Yule kijana akafika Adelaide, akasoma, akawa mhasibu, akafanya kazi serikalini, akaongoza tume ya jimbo inayoshughulikia jamii za wageni, akawa naibu wa gavana, na mwaka wa 2014 akaapishwa kuwa Gavana wa jimbo la South Australia, mpaka 2021. Si gavana kama hawa wetu wa kaunti wenye bajeti. Alikuwa mwakilishi wa Malkia katika jimbo lile. Mtu wa mashua, ndiye aliyekuwa akitia sahihi sheria za watu waliomkaribisha. Na baada ya miaka yote hiyo bado anawakumbuka wale wavuvi wawili ambao hata majina yao hajui.

Nimesema nitawarudisha ziwani. Wasuba wako hapa? Inueni mikono. Kutoka Mfangano? Rusinga? Karibuni. Waulizeni wazee wenu walifikaje visiwani. Watawaambia babu zao walikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda, wakikimbia damu iliyomwagika kule kwa ajili ya kiti cha Kabaka. Wakimbizi wa mashua! Muda mrefu kabla ya Vietnam. Hakuna shirika lililowapa hema. Walitua mawe ya Mfangano, wakavua, wakapanda, wakaoana na waliowakuta.

Na kutoka kwa watu hao wa mitumbwi, Rusinga, Mungu akamtoa nani? Tom Mboya. Mnapita kwenye kaburi lake mnapiga picha. Lakini mnakumbuka alizaliwa wapi? Hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa mwaka wa 1930 Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge, baba yake akiwa mfanyakazi wa Mzungu. Na ni nani waliompa kiti chake cha kwanza? Si watu wa Rusinga. Mwaka wa 1957 alichaguliwa Nairobi. Mwaka wa 1961 akasimama tena, Nairobi Mashariki, mahali ambapo wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, na mpinzani wake alikuwa Mkikuyu, daktari, mtu wa heshima. Wale wapiga kura wakamchagua mtoto wa ziwani kwa wingi wa ajabu. Kama wangesema "si wa hapa", tungekuwa na Tom Mboya gani wa kujivunia? Tungekuwa na karani mmoja hodari wa chama cha wafanyakazi, basi.

Tunafurahia sana mtu wetu akichaguliwa kwa watu. Mwaka wa 2008, Novemba, Barack Obama aliposhinda urais, serikali ilitupa sikukuu ya taifa. Homa Bay hamkulala, kwa sababu ukoo wake una mizizi Kanyadhiang', pale Kendu Bay. Na huyo Obama hakuanzia Ikulu. Alianzia seneti ya jimbo la Illinois mwaka wa 1997, akichaguliwa na majirani wa Chicago ambao hawakuuliza jina lake la mwisho ni la kijiji gani. Tukapiga vigelegele. Mwaka ule ule, wapendwa. Januari na Februari tulipokea watoto wa Naivasha na Nakuru na magodoro yao, tukawaita majina. Novemba tukacheza barabarani kwa sababu mtoto wa mgeni amepewa kiti na wengine.

Na tusijidanganye kwamba sisi tulikuwa wa kufukuzwa tu. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi hii miezi ile. Mamia ya maelfu walihamishwa. Huku kwetu pia kulikuwa na maduka yaliyochomwa, na majirani waliolala kwenye ua wa kituo cha polisi wakingoja magari ya kuwatoa. Walikuwa wametuuzia sukari na misumari miaka ishirini. Wengine walikuwa wanaabudu pamoja nasi. Mungu katika Kumbukumbu la Torati sura ya 10 hawaamuru Israeli wampende mgeni kwa sababu mgeni ni mzuri. Anawaamuru kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri, wanajua ladha yake.

Turudi kwa Yeftha. Bado una kidole pale? Waamoni wakaja kupigana na Israeli. Ghafla wazee wa Gileadi wakakumbuka kuna mtu. Wakafunga safari mpaka Tobu, wazee wazima na fimbo zao, kwenda kumwomba yule waliyemfukuza awe jemadari. Yeye akawauliza swali ambalo wazee hawapendi kuulizwa: si ni nyinyi mlionichukia mkanitoa nyumbani kwa baba yangu, mbona mnanijia sasa mkiwa taabuni? Hawakuwa na jibu, wapendwa. Soma vizuri uone. Hawakujitetea hata kidogo, wakaongeza bei. Kwanza walitaka jemadari tu, sasa wakamwahidi kuwa kichwa cha watu wote wa Gileadi, wakaapa mbele za Bwana. (Habari ya nadhiri yake na binti yake ni nzito, nayo itakuwa na Jumapili yake. Siikimbii.)

Mimi sitaki tungoje Waamoni. Kaunti hizi mbili, kila moja ina wadi 40. Katika kila wadi yupo mtu wa namna hii: Mragoli aliyezaliwa Suna, Mkuria aliyeolewa Ndhiwa, Mkisii anayefanya biashara Oyugis tangu ujana, mtoto wa mfanyakazi wa miwa aliyekuja Awendo na hakurudi. Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inasema kila raia ana haki ya kuishi popote katika nchi hii. Sheria imemaliza kazi yake hapo. Haiwezi kumwambia mzee aache kukohoa.

Sasa msinielewe vibaya. Sipigi kampeni. Yule dada akiomba kura, mpimeni. Ana kazi gani mkononi? Anasema kweli? Pesa za chama cha akina mama zimekaa sawa? Akiwa hafai, mkataeni kwa sababu hafai, na mumwambie usoni. Kuna watu wa hapa kabisa, wenye makaburi ya mababu saba pale boma, ambao nisingewapa hata kapu la sadaka wanibebee. Ila ile karata ya "si wa hapa", mkiileta kwenye ofisi yangu nitairudisha nanyi mlangoni. Na kama kuna mzee wa kanisa amesema maneno hayo kwenye kikao cha nyumbani, nitakuja kwake wiki hii, mimi na mke wangu. Nitakuja kunywa chai na tutazungumza kama baba na mtoto.

Kuna jambo moja ambalo tunalianza kabla ya mwezi huu kuisha, na wachungaji wote wa matawi tumekubaliana. Ushirika wa nyumbani wa Jumatano: mimi nimezunguka nikaona. Mnafungua kwa Kiswahili, dakika ya tano mko ndani ya Dholuo, na yule mama Mkuria au yule baba kutoka Kongo anayeuza vitenge sokoni amekaa nyuma anatabasamu tu. Miaka sita anatabasamu. Kila ushirika utakuwa na mkalimani. Hamna mtu mzima? Chukueni mtoto wa miaka 14, mkalisheni karibu na sikio la mgeni, atafsiri. Atakosea, atachanganya maneno, mtacheka. Mwacheni aendelee. Na kamati za matawi zikichaguliwa, karatasi ya majina itabandikwa ukutani na yeyote aliyebatizwa ataandika jina lake mwenyewe. Halipiti kwanza kwa wazee kuulizwa ni wa ukoo gani.

Tuombe sasa. Kwa kawaida nikifika hapa nawaita wenye mizigo waje mbele niwawekee mikono. Leo siwaiti. Mliofika huku mwaka wa 2008, mlioolewa kutoka mbali, mnaoitwa jadak mpaka leo, wewe uliyevuka mpaka pale Isebania au Busia ukabaki: kaeni mlipo kaeni, msiinuke. Inueni mkono tu, tujue mko wapi. Wazee wa kanisa, teremkeni hapa jukwaani. Na nyinyi wenye ardhi, wenye makaburi, wenyeji, inukeni mwende kwao. Nendeni taratibu, watoto wasikanyagwe. Mama, yule kule nyuma kabisa karibu na spika, mkono wake uko juu na hakuna aliyemfikia bado. Mzee, nenda wewe.